Mganga, Daktari na Kichwa Kisichokufa: Kuitafsiri Hofu ya Filamu ya Gharama Ndogo

Filamu ya The Brain That Wouldn't Die, iliyoongozwa na Joseph Green, ilipigwa mwaka 1959 na kutolewa mwaka 1962. Daktari Bill Cortner anampoteza mchumba wake, Jan, katika ajali ya gari. Anaokoa kichwa tu, anakiweka hai ndani ya sinia maabarani, kisha anazunguka mjini kutafuta mwanamke mwenye mwili wa kukiunganisha nacho. Umaskini wa filamu hii hauhitaji mpelelezi, na kicheko cha watazamaji wake ni halali. Hata hivyo, kicheko hicho hubadilika pindi hadithi inaposimuliwa kwa Kiswahili.

Usimulizi huo una mapokeo yake. Katika mabanda ya video nchini Tanzania, wafasiri kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, hawakufasiri sentensi moja baada ya nyingine. Waliisimulia filamu upya kwa hadhira yao. Mfasiri wa namna hiyo, akisimama mbele ya watazamaji wa Musoma, Bunda au Butiama, angemwita Cortner nani?

Jibu jepesi ni "mwanasayansi kichaa". Jibu hilo lina kasoro ya kisemantiki. Katika Kiswahili, kichaa humpunguzia mtu lawama, ilhali Cortner ana akili timamu. Baba yake, ambaye pia ni daktari wa upasuaji, anamwonya mapema, naye anapuuza kwa kujua. Kosa lake ni kiburi.

Neno "mganga" linafaa zaidi, kwa kuwa limebeba pande mbili. Musoma ina Mganga Mkuu wa Mkoa, Bunda na Butiama zina Waganga Wakuu wa Wilaya, na wote hao ni madaktari wa hospitali. Neno hilohilo humtaja mtu wa tunguri na ramli. "Mtaalamu" nalo hutumika vivyo hivyo. Kiingereza kinahitaji kivumishi ili daktari aogopwe. Kiswahili tayari kina nomino ambayo ndani yake tiba na hofu hukaa pamoja.

Hapo ndipo mzaha unapopata uzito. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kwa imani za kishirikina. Kanda ya Ziwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Kwa hadhira ya Mara, mtu msomi anayewapima wanawake kwa macho akitafuta kiwiliwili si kioja cha kubuni tu. Anayecheka anacheka akiwa anajua.

Filamu yenyewe inaunga mkono usomaji huu bila kukusudia. Jina linaloandikwa mwishoni halilingani na lile la mwanzoni: "ubongo" umegeuka "kichwa". Wahakiki hulihesabu hilo kuwa uzembe, lakini kosa hilo ni sahihi kuliko usahihi. Ubongo ni kitu cha maabara. Kichwa kina kinywa. Jan, aliyenyimwa hata haki ya kufa, amebakiwa na maneno tu, na kwa maneno hayo analishawishi dubwana lililofungiwa nyuma ya mlango hadi linavunja na kumwangamiza bwana wao. Raha ya filamu imo katika ushindi huo wa msemaji juu ya mpasuaji.

Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akairudia mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Marekebisho yake yaligusa hata jina la mhusika, na wahakiki wameyapa uzito unaostahili. Mfasiri wa bandani hukabili uamuzi wa aina hiyohiyo, tena papo hapo, bila nafasi ya toleo la pili. Uhakiki wa tafsiri ya Kiswahili unaoishia kwenye vitabu utaendelea kuukosa uamuzi huo, pamoja na hadhira inayouelewa vizuri zaidi.