Mstari Mmoja kwa Nchi Nzima

Ndani ya PostGIS, programu inayoiwezesha kanzidata ya PostgreSQL kuhifadhi ramani, kuna jedwali liitwalo spatial_ref_sys. Lina safu wima tano tu. Kila mstari wake unaeleza tarakimu za ramani fulani zinahesabiwa kuanzia wapi na juu ya umbo gani la dunia. Maelfu ya mistari huja imeshajazwa, na watumiaji wengi hawalifungui jedwali hilo hata siku moja. Mimi nawastahi wale wachache wanaolifungua na kuongeza mstari wao wenyewe.

Chukua Juba. Mji huu, pamoja na Bor na Malakal, uko kanda ya 36 ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za longitudo. Kanda hiyo inaanzia longitudo 30 mashariki, na longitudo hiyo inaipasua Sudan Kusini karibu katikati, ikipita kati ya Rumbek na Yirol. Wau, Yambio na Bentiu zimeangukia kanda ya 35. Mtu wa Juba anayetaka kupima barabara ya kwenda Wau, au kujumlisha eneo la mashamba ya nchi nzima, anabaki na ramani mbili zisizoungana. Akiilazimisha kanda ya 36 ifike mpaka wa magharibi, kila kilomita itavimba kwa mita kama 12.

Hapo ndipo fundi anapotulia. Anachagua projeksheni ya Albers, inayolinda ukubwa wa eneo. Longitudo ya katikati anaiweka 30, ile ile iliyokuwa ikimgawia nchi. Latitudo mbili za kushikilia ramani anaziweka 5 na 11 kaskazini, kwa sababu nchi inaanzia kama latitudo 3.5 na kuishia juu kidogo ya 12. Kosa la umbali linashuka hadi mita 2 hivi kwa kilomita, au pungufu, na eneo linabaki sahihi. Yote hayo yanaingia katika sentensi fupi ya herufi na namba.

Kisha anautafutia mstari wake namba isiyogongana na nyingine, isiyozidi 998999. Namba nyingi zilizomo zinatoka EPSG, orodha iliyoanzishwa na wapimaji wa kampuni za mafuta za Ulaya miaka ya 1980. Kuna mtego hapa. PostGIS za sasa husoma kwanza jina la mwenye orodha na namba yake. Maelezo yenyewe huja baadaye. Anayenakili mstari wa EPSG na kubadilisha maelezo peke yake ataendelea kupata majibu ya zamani, bila onyo lolote. Fundi mwangalifu huandika jina lake mwenyewe kwenye safu ya mwenye orodha.

Kazi ngumu zaidi ni ramani kongwe, zilizochorwa kabla ya GPS. Mwaka 1879 David Gill, mwanafalaki wa Rasi ya Tumaini Jema, alitoa wazo la kupima tao la dunia kwa kuifuata longitudo hiyo hiyo ya 30 hadi Misri. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa na wapimaji wa Kimarekani mwaka 1954. Datumu ya Sudan, yaani msingi ambao tarakimu za ramani zake zinahesabiwa juu yake, ikaitwa Adindan, jina la kituo kilicho karibu na mpaka wa Misri, na umbo la dunia inalotumia ni duaradufu ya Clarke ya 1880, ambayo nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinakizidi kile cha GPS kwa mita 112.

Ukichukua tarakimu za UTM za Adindan kwa Juba ukazisoma kama za GPS, kila kitu kinaonekana mita kama 200 kusini ya mahali pake, na kama 70 magharibi. Nyumba ya ukingo wa mashariki wa mto Bahr el Jebel inaweza kuonekana imejengwa ndani ya maji. Dawa yake ni namba tatu za kusogeza kitovu cha duaradufu hiyo, kwa mita: -161, -14 na 205. Na lazima zitumike kupitia ST_Transform, amri ya PostGIS inayokokotoa upya. ST_SetSRID haikokotoi chochote. Kuitumia hapo ni kubandika lebo ya sukari kwenye gunia la chumvi.

Ninachokipenda zaidi ni majaribio yanayofuata. Fundi huchukua bikoni ya wapimaji inayojulikana kwa mifumo yote miwili, huibadilisha, huirudisha ilikotoka, kisha hulinganisha hadi milimita. Hukagua pia mpangilio: longitudo 31.6 ikikaa mahali pa latitudo 4.85, Juba yote inahamia jangwa la Algeria, upande wa Ouargla. Hamwamini mtu kabla ya kuona nukta imetua barabarani panapostahili.

Kwa hiyo, ndugu mpima ardhi, mhandisi, au karani unayeingiza viwanja kwenye kompyuta: usihifadhi tarakimu yoyote kabla hujaandika kando yake jina la datumu iliyoizaa.