Nyumba Njema si Mlango: Jumba la Mgeni na Baraza Iliyosahauliwa

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaushika moyo wake mkono, kana kwamba ni mtoto mkaidi, na kuupitisha katika majumba ya Pate yaliyokwisha kuanguka. Anauonyesha kumbi zilizokuwa ziking'ara kwa taa, na zidaka zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kichina, sasa zimekuwa makao ya ndege na popo. Kwa takriban karne mbili wasomaji wa pwani wamelisoma gofu kwa namna hiyo. Gofu ni wasia: aliyejenga hayupo, na aliye hai hana budi kuzingatia.

Katika kisiwa jirani cha Lamu, kwenye mji mdogo wa Shela, gofu limepata msomaji wa pili. Shela ilistawi katika karne ya 19, kisha ikafifia, na nyumba zake nyingi za mawe zikabaki kuta tupu zilizozingirwa na mchanga. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20 wageni, wengi wao kutoka Ulaya, walizitazama kuta hizo wakaona mahali pa kujenga. Hawakuona wasia, waliona kiwanja chenye upepo mwema na mandhari ya mlango wa bahari. Leo Shela ni mji wa majumba ya mapumziko, meupe, marefu, yenye milango ya nakshi, na karibu kila moja hujinadi kuwa limejengwa kwa mtindo wa Kiswahili.

Dai hilo linastahili kuhakikiwa. Shairi linalodai kuwa utenzi hupimwa kwa mizani na vina vyake, na halisalimiki kwa kuwa lina maneno mazuri ya kale. Nyumba nayo ina mizani yake. Swali si kama jumba la mgeni linapendeza macho, kwani mengi yanapendeza. Swali ni kama aliyelijenga ameielewa lugha anayoisema.

Mizani ya nyumba ya kale ya Lamu ilianzia msituni, katika mikoko. Dari ilibebwa na boriti, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi sana mita 2.5 hadi 3, na vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kuta zilikuwa za matumbawe na chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita, zikizuia joto la mchana. Mpangilio wake ulikuwa wa hatua kwa hatua. Kwanza daka, lililotokeza njiani na kuwa na baraza pande mbili. Kisha tekani, ukumbi mdogo uliopinda ili mpita njia asiweze kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, uwanja usioezekwa ulioingiza mwanga na hewa. Kutoka hapo msana mmoja ukafuata mwingine, hadi chumba cha ndani kabisa, ambako ukuta mzima ulichongwa zidaka.

Katika mpangilio huo kila kitu kina mahali pake kwa sababu. Zidaka, pambo kubwa kuliko yote, zilikaa ndani kabisa, mahali pa wanawake, pa harusi na pa uzazi. Mgeni wa kawaida hakufika huko. Njiani nyumba ilionyesha ukuta mtupu uliopakwa chokaa, na ya tajiri haikutofautiana sana na ya jirani yake ila kwa mlango. Ndipo wahenga waliposema: nyumba njema si mlango. Aidha, nyumba haikuwa kitu cha mtu mmoja. Baba alimjengea binti yake anapoolewa, ama kwa kuongeza ghorofa, ama kwa kujenga ng'ambo ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, daraja la chumba lililopita juu ya vichwa vya wapita njia. Mtaa ulikua kama ukoo ukuavyo.

Jumba la mgeni limeyachukua maneno hayo yote na kuipindua sentensi. Zidaka zimetolewa ndani na kuwekwa sebuleni, zikiangalia bahari, ili zionekane na kila aingiaye na zitoke vizuri pichani. Boriti zipo, lakini mara nyingi ni pambo lililobandikwa chini ya zege, na chumba kimepanuka hadi kuwa ukumbi ambao boriti peke yake isingeweza kuubeba. Kiwanda, kilichokuwa faragha ya familia, kimekuwa bwawa la kuogelea. Na juu kabisa, ghorofa ya tatu au ya nne, limejengwa paa la makuti lililo wazi pande zote kwa ajili ya upepo na machweo.

Paa hilo ndilo kosa kubwa zaidi la kisarufi. Aliyeketi huko haangalii bahari tu. Chini yake ziko nyua za majirani, mahali ambapo mwanamke wa Shela hufua, huchana nywele na hukaa bila kujifunika. Nyumba ya kale ilitumia kuta, mapindo na hata urefu wake kuhakikisha kwamba jicho la mtu haliingii kwa mwenziwe. Huenda mgeni hana nia mbaya, wala hajui kwamba ametazama. Lakini mjenzi anayepanda juu bila kuuliza kuna nani chini hakuisoma nyumba. Alisoma mapambo yake tu.

Insafu inadai upande wa pili nao usemwe. Wageni wamesimamisha kuta ambazo zingemalizwa na mvua. Wamewapa kazi wachonga milango na mafundi wa lipu ya chokaa, na baadhi yao wameshikilia chokaa pale ambapo wenyeji wenyewe wameikimbilia saruji, ijapokuwa saruji huufungia ndani ya ukuta wa matumbawe unyevu wa chumvi ambao chokaa huuachia utoke. Tena gofu halikuibwa. Liliuzwa, na waliouza walikuwa na haja zao: ada ya shule, ugonjwa, safari ya Makka, mirathi iliyogawanywa kwa warithi wengi. Si haki kumlaumu mnunuzi kwa machozi ya soko peke yake. Hata hivyo, mtoto wa aliyeuza anapotaka kuoa hukuta kwamba kiwanja cha babu yake kimepanda bei kupita uwezo wake, naye huhamia pembezoni, kwenye nyumba ya matofali na bati isiyo na kiwanda wala daka. Hivyo mtindo wa Kiswahili hubaki kwa mgeni, na Mswahili akahama.

Jambo jingine si la sura wala la soko, bali la maji. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo mtungi wa Lamu: mvua hunywewa na mchanga, hukaa chini yake, na visima vya hapo hunywesha mji mzima. Mchanga huo ukijengewa, mtungi huzibwa. Ukivutwa maji kupita kiasi, chumvi ya bahari hupenya. Nyumba ya kale ililijua hilo. Karibu na choo chake palikuwa na birika dogo, na ndani yake vilitiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalichotwa kwa kata, kwa kipimo. Kati ya birika lile na bwawa la kuogelea pana tofauti isiyohusu ukubwa tu. La kwanza lilijua maji yanatoka wapi.

Sheria kwa upande wake imemwita mgeni kwa jina lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Zanzibar nako, ambako ardhi ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, mgeni hujenga juu ya ardhi aliyokodishwa. Kisheria, basi, mwenye jumba la fahari ni mpangaji, na mpangaji ana wajibu kwa waliomtangulia na watakaomfuata. Wahenga hawakumfungia mgeni mlango: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina nusu ya pili, na nusu hiyo ndiyo sharti. Mwenyeji asipopona, ugeni haujatimia.

Hapo ndipo inaporejea baraza. Katika majumba mengi mapya, mlango wa nakshi uko, umeng'arishwa kwa mafuta, na pembeni yake pana kengele na mlinzi. Lakini daka halipo, na hapana pa kuketi. Baraza ndiyo sehemu pekee ya nyumba ya kale ambayo mwenye nyumba aliijenga kwa gharama yake na kuiachia njia. Hapo mzee alipumzika akitoka msikitini, habari za msiba zilipokewa, kahawa ilinywewa, mashairi yalijibizana, na mgeni mwenyewe alijulikana ni nani kabla hajakaribishwa ndani. Haihitaji mbao za thamani wala fundi kutoka mbali. Ni mawe, chokaa, na dhiraa chache za ardhi ambazo mwenye nyumba anakubali kutozizungushia ukuta.

Wakati jumba la mapumziko limefungwa, likingojea msimu, taa zake zimezimwa na zidaka zake hazina chombo, maelezo ya Sayyid Abdallah hayahitaji kubadilishwa sana ili yalifae. Tofauti ni kwamba majumba ya Pate yalipobaki matupu, mtaa ulijua ni nani aliyeondoka.