Ndani na Nje Havitoshi: Istilahi za Pembe za Magurudumu

Aghalabu mkuza istilahi huhofia neno geni. Hata hivyo neno geni lina kheri moja: humlazimisha msomaji kuuliza. Linalopaswa kuhofiwa zaidi ni neno la kawaida ambalo kila msomaji hulielewa kwa namna yake, kisha akatenda bila kuuliza. Tumeliona jambo hilo katika tafsiri za miongozo ya ufundi wa magari, hususan katika sura zihusuzo pembe za magurudumu. Hapa tutalichukua gari la mbio za rali linalovutwa na magurudumu ya mbele liwe kipimo chetu, kwa kuwa ndilo linaloyaumbua maneno hayo upesi.

Magurudumu ya mbele huwa na pembe kuu tatu. Ya kwanza huonekana gari likitazamwa kutoka mbele: je, gurudumu limesimama wima, au sehemu yake ya juu imeinamia upande wa gari ama upande wa nje? Ya pili huonekana gari likitazamwa kutoka juu: je, sehemu za mbele za magurudumu mawili zimekaribiana kuliko sehemu zake za nyuma, au zimeachana? Ya tatu huonekana kutoka ubavuni: je, mhimili ambao gurudumu huuzunguka usukani unapokatwa umelala kuelekea nyuma kwa kiasi gani?

Katika karakana nyingi zote tatu huitwa alaimenti, na hitilafu zake husemwa kwa maneno mawili tu: gurudumu "limeingia ndani" au "limetoka nje". Mafundi wawili waliosimama mbele ya gari moja huelewana, maana mmoja huonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Tuseme mwongozo unaagiza gurudumu "liingizwe ndani digrii 1", na mwandishi wake alikusudia sehemu ya juu iinamie gari. Kwa gari la rali katika njia ya changarawe, hicho ni kiasi cha kawaida. Katika lami kiasi hicho huweza kufika digrii 2 au 3. Lakini msomaji akidhani kwamba yatajwayo ni sehemu za mbele, basi katika rimu yenye kipenyo cha milimita 381 atakuwa amelipinda kila gurudumu kwa milimita 6.6, yaani zaidi ya milimita 13 kwa magurudumu yote mawili. Gari hilo litazitafuna tairi zake, na dereva hatajua kwamba kosa lilianzia katika tafsiri.

Tatizo huzidi mfasiri asipofahamu ni gari la namna gani linalozungumzwa. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, yale ya mbele hubingirishwa tu. Ukinzani wa barabara huyarudisha nyuma, na kwa kuwa bushi za mpira hunepa, sehemu zake za mbele huelekea kuachana. Kwa sababu hiyo fundi huyaweka yakiwa yamekaribiana kidogo. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, nguvu ya injini huyavuta yakaelekea kukaribiana. Hivyo mara nyingi huwekwa sambamba, au yakiwa yameachana kidogo. Madereva wa rali hupenda kuachana huko kwa kuwa gari huitika upesi linapoingizwa konani. Lakini kukizidi, gari huyumba katika njia iliyonyooka na tairi hulika ukingo wa ndani. Kanuni ya gari moja, basi, yaweza kuwa kinyume cha kanuni ya jingine, na mfasiri akivuruga "ndani" na "nje" hatakuwa na wa kumsahihisha ila barabara yenyewe.

Wala magari hayo si mageni. Erik Carlsson alishinda rali ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963 kwa Saab 96, na Mini Cooper S zikashinda mwaka 1964, 1965 na 1967. Katika mbio za East African Safari za mwaka 1964 Carlsson alishika nafasi ya pili kwa Saab. Ufundi umefika zamani. Lugha ya kuuandika ndiyo iliyochelewa.

Sasa tuyapime maneno yanayoweza kupendekezwa. "Kunyoosha magurudumu" hupotosha, maana humfundisha mwanafunzi kwamba shabaha ni unyoofu, hali fundi wa rali huyapinda kwa makusudi. "Usawazishaji" nao una kazi yake, ambayo ni kuondoa tofauti za uzito katika gurudumu. Wapo watakaotaka kutohoa jina la kigeni la pembe ya kwanza na kuandika "kamba". Hilo tunalikataa kabisa. Fundi wa rali akiwa mbali na mashine hupima pembe ya pili kwa kutandaza kamba ubavuni mwa gari. Aelewe nini akiagizwa afunge kamba kabla ya kupima kamba? Kwa sababu hiyo hiyo twashauri "digrii" badala ya "nyuzi" katika taaluma hii, ingawa "nyuzi" ni neno zuri katika jiometri. Agizo la kupima kwa nyuzi mbili halipasi kuwa na maana mbili.

Yapo pia maneno ya mwili: "matege" kwa pembe ya kwanza na "makengeza" kwa ya pili. Mwalimu ayatumie darasani, kwani huacha picha akilini. Lakini hayachukui alama za hesabu: hakuna matege hasi wala chanya.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Pembe ya kwanza iitwe "mwinamo wa gurudumu", nao uwe hasi sehemu ya juu inapoelekea kwenye gari. Ya tatu iitwe "mlalo wa mhimili wa usukani". Ya pili iitwe "mkaribiano wa mbele" au "mwachano wa mbele". Majina haya yanatokana na vitenzi vya kutendeana, nayo ndiyo hali halisi: gurudumu moja huweza kuinama peke yake, bali haliwezi kukaribiana. Zote kwa pamoja ziitwe "pembe za magurudumu". "Alaimenti" ibaki mdomoni mwa karakana, ambako haina madhara.

Vipimo navyo viandikwe kikamilifu. Mkaribiano wa milimita 2 ni dakika 18 za pembe katika rimu ya milimita 381, bali katika rimu ya milimita 330 ni karibu dakika 21. Mwandishi ataje kipenyo, na aeleze kama kipimo ni cha gurudumu moja au cha yote mawili. Kadhalika atunze mfuatano wa kazi: mlalo kwanza, kisha mwinamo, na mkaribiano mwisho, kwa kuwa kuubadili mwinamo huubadili na mkaribiano.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu majina haya mbele ya gari lililoinuliwa, kisha watuandikie ni lipi lililomfanya mwanafunzi ashike spana kwa uhakika, na ni lipi lililomfanya asite.