Majani Chini, Maharage Juu

Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinapiga milima ya Mbinga, nyasi kwenye shamba lililopumzishwa huwa zimefika kiunoni, na nyingi bado ni mbichi. Hapo ndipo Wamatengo huanza kazi. Wanaume wanazifyeka, kisha zinalazwa mistari kwa mistari, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata, mpaka ubavu wote wa mlima unakuwa umechorwa miraba. Wanawake wanaingia na majembe. Kila mmoja anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo wa juu na kuutupa pande zote nne, juu ya zile nyasi. Akimaliza, pale aliposimama pamekuwa shimo, na nyasi zimefukiwa ndani ya matuta manne yanayolizunguka. Maharage yanapandwa hapo hapo juu ya tuta na kufunikwa kwa udongo mwepesi. Hiyo ndiyo ngoro. Ukiwa bondeni ukatazama juu, mlima mzima umekuwa sega la nyuki.

Katika kazi zote za mikono zinazohusu udongo hapa Afrika Mashariki, hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Nasema hivyo nikijua ushindani ulivyo mkali: wapo Wachaga na vihamba vyao, Wahaya na migomba yao, na Wakamba wa Machakos waliozuia mmomonyoko kwa matuta ya fanya juu hata jina hilo likaingia kwenye vitabu vya wataalamu wa dunia nzima. Lakini kwenye ngoro, jembe likiinuka na kushuka linatimiza mambo manne kwa mpigo: linatengeneza mbolea, linakinga maji, linaua magugu na linaandaa kitanda cha mbegu. Hakuna kinachobebwa kutoka mbali. Chakula cha udongo kimeota pale pale kitakapoliwa.

Tazama maji yanavyofanya kazi. Milima hiyo ya upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa ni mikali, na mvua yake huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kwenye mteremko kama ule, tone la mvua likipata njia hushuka kwa kasi, hukusanya wenzake na kuondoka na udongo mpaka mtoni. Ndani ya ngoro halipati njia. Linaangukia tuta, tuta likishiba maji yanateremka shimoni, na hapo yanatulia na kuzama polepole. Udongo uliotoroka kwenye tuta unatua shimoni, hatua moja tu kutoka ulipokuwa. Mvua zikikatika Mei, nyasi zinazooza ndani ya tuta bado zimeshika unyevu, na maharage yanamalizia kukomaa kwa unyevu huo.

Kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa mazao. Mahindi hayapandwi kwanza. Yanayotangulia ni maharage, yanavunwa kati ya Juni na Julai, na mahindi yanakuja juu ya matuta yale yale mvua mpya zinapoanza. Kuna sababu ambayo kila mwenye bustani anapaswa kuijua. Unapofukia majani, hasa yaliyokwisha kuwa na mabua magumu, vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni ili vifanye kazi, na vinaichukua udongoni. Kwa muda huo mmea unaoitegemea nitrojeni ya udongo, kama mahindi, hubaki na majani ya manjano ukiteseka njaa juu ya ghala. Maharage yana chanzo chao kingine. Miezi ikipita, nyasi zimeoza, vijidudu vimekufa na kuachia vilichokopa, ndipo mahindi yanapokaribishwa mezani. Palizi ya mahindi nayo haipotei: magugu yanatupwa shimoni, yanaozea humo. Baada ya mavuno shamba hupumzika, nyasi huota tena, na Machi inayofuata ngoro mpya haichimbwi palepale pa zamani. Mahali pa shimo na mahali pa tuta hupishana, kwa hiyo miaka ikienda shamba zima linakuwa limegeuzwa na kulishwa.

Masimulizi yanasema ufundi huu ulikomazwa pale Wamatengo walipobanwa milimani katika karne ya 19, Wangoni walipofika kutoka kusini. Mabonde hayakuwa salama, na ardhi iliyobaki ilikuwa ya miteremko. Watu waliokuwa na eneo dogo wasingeweza kuhama kila udongo ulipochoka. Ilibidi wausomee udongo huo mmoja.

Nikiifikiria ngoro huikumbuka pia Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani mwao. Nia iliyotangazwa ilikuwa ile ile, kuzuia mmomonyoko. Lakini kuchimba ngazi kwenye udongo mwembamba kulifukia ule mweusi wenye rutuba na kuleta juu ule wa chini usio na uhai, na watu wakaona wanatoka jasho ili wavune kidogo. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ule ukafa. Mlima ni mlima, jembe ni jembe, lakini Mbinga kanuni ilitoka mkononi mwa mlimaji aliyejua udongo wa juu ndio mali yake yote, na Uluguru ilitoka ofisini. Sioni haja ya kulificha hilo.

Sasa tulio na bustani nyuma ya nyumba, kwenye mikoa ya vuli na masika, tunaweza kuchukua nini? Tuchukue kalenda kwanza, kwa sababu ufundi wenyewe umekaa kwenye kalenda. Kazi kubwa ya udongo hufanyika wakati ambao jirani anadhani hakuna kazi.

Julai na Agosti, mahindi ya masika yakiwa yamevunwa, mabua yamelala shambani na watu wengi wanaandaa kiberiti. Nawasihi wasiwashe. Moto huondoka na karibu nitrojeni yote iliyomo kwenye mabua, inakwenda na moshi. Jivu linalobaki lina madini mazuri, lakini limekaa juu juu, na upepo au mvua ya kwanza vitalichukua. Halafu udongo unabaki uchi kwenye jua la Septemba, jua linalochoma hata nyayo. Mabua hayo hayo yakikatwakatwa ni nusu ya lundo la mboji, na nusu iliyobaki ipo uani: majani mabichi, maganda ya ndizi na viazi, samadi ya mbuzi au kuku, jivu kidogo la jikoni, na makoleo machache ya udongo wa chini ya mti ili kuleta mbegu ya vijidudu.

Lundo lenye upana na urefu wa kwenda juu wa mita moja na zaidi linatosha kupata moto. Tabaka la makavu, tabaka la mabichi, samadi, maji, kisha unarudia. Juu lifunike kwa majani ya mgomba, maana kiangazi hulinyonya maji. Chomeka mti mrefu katikati mpaka karibu na chini, uuache humo. Baada ya siku chache uchomoe, ushike ncha yake. Ikiwa ya moto hata mkono unataka kuiachia, na inanukia kama msitu baada ya mvua, kazi inakwenda. Ndani kunaweza kufika nyuzi joto 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ikitoka ya baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikitoka ya baridi na yenye uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, lipindue. Kila linapopoa, lipindue, ya nje yaingie ndani. Lililoanza Julai, likitunzwa hivyo, linakuwa jeusi na lenye kumomonyoka mkononi mwezi Oktoba, vuli inapobisha hodi.

Mwingereza Albert Howard aliifanyia kazi hii utafiti mrefu huko Indore, India, akachapisha kitabu chake mwaka 1931, na wengi humwita baba wa kilimo hai. Mwenyewe hakuficha kwamba wakulima wa India walikuwa miongoni mwa walimu wake. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kitabu.

Kwa wanaokaa kanda zenye alizeti pori, ule mmea wa maua ya manjano unaojiotea kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, nasema mnapita kwenye mbolea kila siku. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu takriban asilimia 4, kiasi ambacho majani mengi ya kawaida hayafikii. Yakate kabla ya kuchanua, mashina yakiwa laini, uyafukie kwenye tuta. Yanaoza haraka sana, kwa hiyo nyanya au sukuma wiki hazitasubiri kama mahindi yanavyosubiri nyasi zioze.

Vuli ni msimu mfupi na wa kigeugeu, mimi huupa mboga za majani: mchicha, mnavu, figiri, sukuma wiki. Hizi zinakula sana na zinaondoka upesi, zinastahili mboji mpya. Matandazo ya nyasi kavu yawekwe miche ikishashika, yasigusane na shina. Vidukari wakivamia, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanasaidia, ila yachujwe na kunyunyizwa jioni, kwa sababu jua huivunja dawa ile upesi.

Masika ninaiona kama Machi ya Wamatengo iliyohamia kwetu. Tuta likingame na mteremko, hata ule mdogo ambao macho hayauoni mpaka maji yaseme. Na juu yake nenda na jamii ya mikunde. Kwa kutafuta nitrojeni maharage si hodari sana, kunde na mbaazi huyashinda. Ng'oa mche mmoja wa kunde unapokaribia kuchanua, taratibu, uusuuze mizizi kwenye ndoo. Utakuta vifundo vidogo vya mviringo vimeng'ang'ania mizizi. Kipasue kimoja kwa kucha. Kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi ndani, bakteria waliomo wako kazini, wanachukua nitrojeni ya hewani na kumpa mwenyeji wao. Kikiwa cheupe au kijani, hamna kitu. Mjerumani Hermann Hellriegel ndiye aliyeeleza siri hiyo kwa kuipima, mwaka 1886, na rangi ya kifundo hadi leo ni kipimo kisichohitaji maabara. Ukishavuna, usiing'oe miche iliyobaki. Kata shina usawa wa ardhi, uiache mizizi izike kilicho chake, na majani uyalaze hapo hapo.

Sipendi watu wanaoipamba kazi hii mpaka inaonekana nyepesi. Ngoro inavunja mgongo, na mgongo wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa mwanamke. Vijana wengi hawaitaki. Ardhi imepungua, na shamba linalokosa muda wa kupumzika haliwezi kuotesha nyasi za kutosha kufukia. Anayetaka ufundi huu udumu asimpe mama wa Mbinga sifa peke yake. Ampe jembe bora, bei nzuri ya maharage, na mume anayeshika jembe akishamaliza kufyeka.

Na kuna jambo la watoto. Katika shule nyingi nchini mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele hupelekwa kulima, na jembe analijua kama fimbo nyingine. Ningetamani kila mwanafunzi wa darasa la tano apewe mraba mmoja wa bustani ya shule mwanzoni mwa Machi, akate nyasi zake, azifukie, apande kunde zake. Wiki chache baadaye aruhusiwe kung'oa mche mmoja, aupeleke bombani kuusuuza, na kupasua vifundo yeye mwenyewe. Julai avune, apeleke nyumbani kwa mama yake. Na mwenye kosa atafutiwe adhabu nyingine.