Lugha ya Siasa ya Wanafunzi katika Mitandao

Nguvu ya mitandao ya kijamii katika siasa za wanafunzi wa vyuo vikuu aghalabu hupimwa kwa wingi wa watu waliolirudia neno. Kipimo hicho ni hafifu. Yafaa kuuliza kwanza ni nani aliyefahamishwa jambo lililokuwa likimpita.

Jarida la Cheche, lililotolewa na wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, tangu 1969 hata likapigwa marufuku mwaka 1970, lilikuwa na jina la Kiswahili, bali makala yake yaliandikwa hasa kwa Kiingereza. Mkulima aliyetetewa humo asingeweza kuyasoma.

Mambo yalikuwa mengine nchini Kenya mwezi Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitoka kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Vijana, wanafunzi wa vyuo vikuu miongoni mwao, wakaueleza katika video fupi za TikTok kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila: asilimia 16 juu ya mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Hiyo ndiyo kazi iliyo bora katika harakati zile, nayo ni kazi ya wafasiri. Jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili, alilobandikwa Rais Ruto, limesifiwa kupita kiasi. Dhihaka hukusanya watu upesi, lakini haiwaambii ni kifungu gani kifutwe. Afadhali kitenzi kusalimia: kumsalimia mbunge kulikuwa kumfurikia simu na ujumbe, na adabu ya kale ikawa silaha. Tarehe 25 Juni Bunge lilivamiwa na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia mswada sahihi.

Wakuria hukaa pande zote mbili za mpaka. Huko Nyanungu, wilayani Tarime, mashaka ni ya namna nyingine. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, hivyo kizuizi cha lugha kimeanza kuondoka. Lakini Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku hizo za maandamano na vifo, mwanafunzi wa Dar es Salaam hakuwa na njia hiyo ya kuwafasiria jamaa zake wa Nyanungu lolote.