Fani na Maudhui katika Mchezo wa Video: Metroid II na Toleo Lake Jipya

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa kazi yao katika sehemu mbili, fani na maudhui, na mara nyingi wametuonya kwamba mgawanyo huo ni wa mezani tu, maana ndani ya kazi yenyewe mambo hayo mawili huambatana kama chanda na pete. Makala haya yanakusudia kulipima onyo hilo mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kulipeleka, yaani katika mchezo wa video wa mkononi. Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu moja. Riwaya ikishachapishwa kwa kawaida huachwa ilivyo. Mchezo wa video huundwa upya baada ya miaka, kwa mitambo mipya, na wachezaji husema bila kusita kwamba toleo la pili limelisahihisha la kwanza. Kauli hiyo tumeisikia kwa wanafunzi wetu pia, tena wale walio hodari. Tunadhani ina kosa, na kosa hilo likihamia katika usomaji wa tenzi au hadithi litatugharimu zaidi.

Mfano wetu ni Metroid II: Return of Samus, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1991 kwa ajili ya kifaa chake cha Game Boy, pamoja na Metroid: Samus Returns, toleo lililoundwa upya mwaka 2017 na kampuni ya Kihispania MercurySteam ikishirikiana na Nintendo, kwa kifaa cha Nintendo 3DS. Msomaji asiyeujua mchezo huu aelewe kwanza kisa chake, ambacho ni kifupi. Samus Aran ni mwanamke mpiganaji wa kukodiwa, mwenye deraya inayomfunika mwili mzima. Katika mchezo wa kwanza, wa mwaka 1986, alipambana na maharamia wa angani waliotaka kuwatumia kama silaha viumbe waitwao Metroid, ambao hufyonza uhai wa kila kilicho hai. Katika mchezo wa pili anatumwa kwenye sayari ya asili ya viumbe hao, SR388, kwa amri moja: awaue wote, asibaki hata mmoja.

Tutazame sasa jinsi amri hiyo inavyotekelezwa mikononi mwa mchezaji. Chini ya kioo, pembeni, pana hesabu ya Metroid waliosalia. Inaanza na 39, na kila auawapo mmoja inapungua. Wakiisha wa eneo moja, ardhi hutetemeka, na tindikali iliyokuwa imeifunika njia hushuka. Mchezaji huteremka zaidi chini. Hakuna anayeeleza kwa nini ardhi imetetemeka. Hakuna ramani. Mapango yanafanana, na kwa kuwa kioo kina nukta 160 kwa 144 tu huku mwili wa Samus umechorwa mkubwa, mtu huona hatua chache mbele yake. Mahali pengi muziki wenyewe huachia nafasi kwa milio iliyokatika-katika, ambayo sikio haliwezi kuifuata kama wimbo.

Katika giza hilo mwindaji anaanza, bila kutaka, kuujua mwenendo wa anayewindwa. Metroid wa kwanza anajivua ngozi mbele ya macho yetu na kugeuka kuwa mnyama mwingine. Baadaye tunakuta ngozi tupu zimeachwa njiani kabla hatujamwona mwenyewe aliyezivua. Basi viumbe hawa wanakua, wana hatua za umri, na mwishowe tunajua kwamba wana mama. Hesabu inapobaki 1, mchezaji anaingia katika kiota, na tarakimu inaruka ghafla hadi 9: walikuwamo wachanga ambao hawakuhesabiwa. Akiwamaliza hao pamoja na malkia wao, yai moja linapasuka. Kichanga kinachotoka kinamfuata Samus kama kifaranga kimfuatavyo yule kilichomwona kwanza. Yeye hakiui. Wanapanda pamoja hadi kwenye chombo cha angani, kichanga kikila vizuizi vilivyoziba njia, na katika safari hiyo yote hakuna adui hata mmoja, wala neno lililoandikwa. Ni dakika chache tu. Amri haikutimizwa, na hakuna sauti inayotuambia kama ametenda vema.

Tukija katika toleo la mwaka 2017, haki inatudai tuseme kwamba ni kazi ya mafundi. Kioo cha chini cha 3DS kinabeba ramani, na aliyewahi kupotea saa nzima katika mapango ya mwaka 1991 hawezi kuidharau neema hiyo. Samus anaweza kulenga upande wowote, wakati zamani alifungwa katika pande chache. Nyuma ya kila pango pamechorwa majengo yaliyobomoka, mimea, na wanyama wanaopita mbali, hata sayari imekuwa mahali penye historia. Pambano na Metroid, ambalo zamani lilikuwa kusimama na kufyatua makombora mpaka mmoja aanguke, limekuwa mchezo wa kuvizia na kukwepa. Ikiwa fani ni ustadi wa mkono peke yake, mjadala umekwisha, na ushindi ni wa toleo jipya.

Lakini mabadiliko mengine yanagusa zaidi ya ustadi. Chukua ile tindikali. Katika toleo jipya mchezaji hukusanya chembe za urithi za kila Metroid aliyeuawa, akazitia katika sanamu ya kale, na sanamu ikishapokea idadi inayotakiwa kimiminiko kinashuka. Kilichokuwa fumbo kimekuwa malipo dukani: leta kadhaa, upite. Kifo cha kila mnyama sasa kina risiti. Kadhalika pigo la kujibu, ambapo adui hurukia Samus na mchezaji akamkata kwa mkono wenye silaha kwa wakati barabara, hupendeza mara ya kwanza na hata ya ishirini. Ila kwa ajili yake, wanyama wa kawaida wa mapangoni, ambao zamani wengi walikuwa wakienda zao tu, sasa humvamia Samus kila wamwonapo. Sayari nzima imefanywa kuwa kali. Hapo swali la nani anamvamia nani, ambalo mchezo wa zamani uliliacha wazi, limejibiwa kabla halijaulizwa.

Jambo kubwa zaidi ni mwisho. Kichanga kinatoka yaini kama zamani, kinamfuata Samus kama zamani, na wanapanda pamoja. Juu kabisa, karibu na chombo, anatokea Ridley, joka la maharamia wa angani, nusu mwili na nusu mashine, naye anataka kumnyang'anya Samus kichanga hicho. Linafuata pambano refu na gumu kuliko yote, ambamo kichanga chenyewe kinamsaidia Samus. Watetezi wa nyongeza hii wanasema kwamba inauunganisha mchezo huu na Super Metroid wa mwaka 1994, unaoanza kwa Ridley kumwiba kichanga yuleyule. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa mfuatano wa matukio. Kwa upande wa maana inabomoa. Katika toleo la kwanza Samus alipanda akiwa na yote aliyoyatenda na lile aliloshindwa kulitenda; mchezaji alikuwa na nafasi ya kujiuliza ile hesabu iliyokuwa ikipungua ilikuwa hesabu ya nini. Katika toleo la pili nafasi hiyo imejazwa na adui ambaye ubaya wake hauna shaka. Muuaji anageuka kuwa mlinzi, na sisi tunapumua.

Tunasema hivyo tukijua pia yaliyofuata. Mwaka 2002, katika Metroid Fusion, ilielezwa kwamba Metroid ndio waliokuwa wakizuia kuenea kwa kimelea kiitwacho X, kwa hiyo kuwaangamiza kulifungua mlango wa balaa kubwa zaidi. Waundaji wa mwaka 2017 waliikumbuka habari hiyo, na baada ya orodha ya majina ya mwisho wameweka picha fupi ya kimelea hicho kikimwingia mnyama. Ni dokezo zuri. Linakuja, hata hivyo, baada ya shangwe, kama mtu anayekunong'oneza jambo zito mlangoni wakati wageni wanaaga.

Huenda tukaambiwa kwamba tunausifu umaskini wa mashine ya zamani kana kwamba ni sanaa. Pingamizi hili lina uzito, maana baadhi ya kufanana kwa mapango yale kulikuwa upungufu tu. Lakini tutazame mabega ya Samus. Katika mchezo wa 1986 deraya iliyoimarishwa ilitambulikana kwa rangi. Game Boy haikuwa na rangi, ilikuwa na viwango vinne tu vya weusi na weupe, kwa hiyo wachoraji waliipa deraya hiyo mabega makubwa ya mviringo. Michezo iliyofuata ilikuwa na rangi zote, nayo iliyabakiza mabega hayo. Toleo la 2017 limeyabakiza pia. Hakuna anayeyaita upungufu. Ikiwa uhaba wa rangi uliweza kuzaa umbo linaloheshimiwa na wote, hatuoni kwa nini uhaba wa maneno usingeweza kuzaa maana.

Wala haikuwa lazima kuchagua moja na kuacha jingine. Mwezi Agosti 2016, mwaka mmoja kabla ya toleo rasmi, mpenzi mmoja wa mchezo huu kutoka Argentina alitoa toleo lake mwenyewe, AM2R, bila malipo na bila idhini, na Nintendo ililizuia baada ya muda mfupi. Lina rangi, lina ramani, lina maadui wapya wengi, na mwisho wake umeachwa mtulivu. Tunaweza kulilinganisha na kazi ya Mwalimu Nyerere, aliyeitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu anaweza kuligusa upya kila neno la lugha yake bila kumwongezea Bruto vita moja zaidi ili hadhira isiondoke na huzuni.

Mwezi Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS, na toleo la 2017 halinunuliki tena kwa njia hiyo. Mwezi mmoja kabla, mchezo wa 1991 ulikuwa umewekwa katika huduma ya kulipia ya kifaa cha Switch, kwa hiyo la kale ndilo lililo rahisi kupatikana. Mwanafunzi atakayetaka kutupinga aanze na hilo, akiwa na karatasi na kalamu ya kuchorea ramani yake mwenyewe.