Jicho na Ramani Kibanjani

Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2006, wilayani Muleba. Shida ni kwamba si huo tu unaogeuza majani kuwa ya manjano. Mnyauko fuzari, au Panama, nao hufanya hivyo. Mmoja huletwa na bakteria wanaobebwa na wadudu na mapanga, mwingine na kuvu wa udongoni, na kinga ya huu siyo ya ule. Anayetaka simu imsaidie mkulima kuitofautisha minyauko hii miwili ana kazi ya kifundi inayostahili kutazamwa bila haraka.

Kazi huanza na jicho. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walichapisha mkusanyo wa picha zaidi ya 16,000 za majani na mashina ya migomba ya Tanzania: mizima, yenye ugonjwa wa sigatoka nyeusi na yenye fuzari. Kwa picha za namna hiyo, zikiongezwa za mnyauko bakteria, mtandao wa neva hufunzwa. Hauelezwi ugonjwa una sura gani. Unakisia, unakosolewa, unarekebisha namba zake, unakisia tena, hadi unatambua. Lakini haujui panga ni nini. Uonyeshe jani la manjano, utakujibu kwa asilimia, basi.

Ya panga yanakaa kwenye ramani ya dhana. Humo kila jambo ni fundo, na kila mstari unaounganisha mafundo mawili una jina na upande: husababishwa na, huenezwa na, huzuiwa kwa. Upande si pambo. Panga hueneza bakteria. Bakteria hawaenezi panga. AGROVOC, ramani ya kilimo ya FAO iliyoanza miaka ya 1980, ina dhana zaidi ya 40,000, na Kiswahili kimo. Ila ramani nayo ni kipofu: haijawahi kuona jani.

Uhodari wa fundi huonekana kwenye kiungio. Tuseme mtandao umegawanyika, nusu bakteria, nusu fuzari. Programu iliyoundwa vizuri haichagui kwa kubahatisha. Inafuata mistari ya magonjwa yote mawili na kutafuta yanapoachana. Kwanza aina ya mgomba: ndizi za kupika za Wahaya kwa kawaida haziguswi na fuzari, kisukari hushambuliwa. Kisha inamwomba mkulima akate shina na asubiri dakika chache. Ukichuruzika ute wa manjano, ni bakteria. Ikionekana michirizi ya kahawia iliyokolea, ni fuzari. Jibu likiwa ni bakteria, mstari unaofuata unatoa ushauri: kata shina lililougua usawa wa ardhi, pitisha panga motoni kabla ya kugusa shina jingine, na ua dume livunje kwa kijiti chenye panda.

Kwa nini kijiti, na panga lipo mkononi? Mkulima akiuliza hivyo, mtandao peke yake hauna la kusema. Sababu yake imetawanyika katika mamilioni ya namba. Ramani inamjibu mstari kwa mstari. Na bwana shamba akiona mstari mmoja umekosewa, anaufuta na kuandika mwingine siku hiyohiyo, bila kurudia kufunza mashine kwa maelfu ya picha. Ufundi mzuri ni ule unaomruhusu mwenye shamba kuukosoa.